Uzamili Unaanzia Buchani

Ukitaka shahada ya uzamili ya uhandisi wa kemikali na uko upande wa Arusha, pita buchani kabla ya kupita maktaba. Omba mifupa ya ng'ombe, ile mikubwa ya miguu, na useme kweli kwamba ni ya kusafishia maji ya kunywa. Mwenye bucha atacheka, wateja nao watacheka. Cheka nao, kisha rudi kesho yake na gunia. Bila mtu huyo huna tasnifu, kwa hiyo jina lake liingie kwenye ukurasa wa shukrani, tena juu kabisa.

Sababu ya mifupa ni hii. Miteremko ya Mlima Meru imejengwa kwa miamba ya volkano, na maji yanayopita humo huyeyusha floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huku kuna chemchemi na visima vyenye zaidi ya 10, na Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu kiwango kilichozidi ushauri huo kwa sababu sehemu nyingi hazikuwa na maji mengine ya kunywa. Matokeo unayaona mtoto anapotabasamu, meno yana rangi ya kahawia. Kwa walioathirika zaidi, miguu imepinda. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani, na kila lita iliyosalia inakuwa na nyingi zaidi. Lakini madini ya mfupa yana tabia ya kuachia sehemu yake na kushika floraidi mahali pake. Mfupa unaipenda floraidi, uwe mwilini au uwe ndooni. Tabia inayomdhuru mtoto ndiyo inayoweza kumwokoa, ukiitanguliza ndooni.

Basi usihangaike kutafuta mada ya mbali. Rafu za vyuo zimejaa tasnifu za kuondoa rangi ya bluu majini kwa maganda ya ndizi, ya nazi, ya korosho na ya karanga. Usiongeze ganda jingine mpaka umempata mtu ambaye maji yake ya kunywa ni ya bluu. Nasema hivi kwa mapenzi, maana nimeona vijana wenye vichwa vizuri wakimaliza miaka yao ya uzamili kwa kutibu ugonjwa ambao kijijini kwao hakuna anayeuugua.

Mfupa ukishafika, anza kufanya kazi kama mama ntilie mwenye wateja wengi. Chemsha mifupa mpaka mafuta yatoke, ikaushe, ichome, itwange, ichekeche. Majirani watauliza harufu ni ya nini, waeleze. Na usione aibu kwamba haya ni mambo ya jikoni. Mwaka 1915 Mmarekani Arthur D. Little aliwaambia wakubwa wa MIT kwamba kiwanda chochote cha kemikali, hata kiwe kikubwa namna gani, kinaweza kugawanywa katika kazi chache zinazojirudia: kusaga, kuchoma, kuchuja na nyingine za aina hiyo. Fani nzima imesimama juu ya wazo hilo, na wewe umelipitia lote ukiwa na mguu wa ng'ombe mkononi.

Kuchoma ndiko kunahitaji subira. Mifupa iungue kwenye hewa kidogo, nyuzi 400 hadi 500 hivi. Moto ukiwa mdogo, mabaki ya nyama na mafuta hayaishi, maji yatatoka na harufu na hakuna atakayeyanywa. Moto ukizidi, vitundu vidogo ndani ya mfupa vinajifunga na mkaa huo wa mifupa unapoteza nguvu ya kunasa floraidi. Jifunze kusoma rangi. Wa kahawia haujaiva, mweupe umeungua mno, unaoutaka ni mweusi au wa kijivu kilichokolea. Vunja vipande kadhaa uangalie na ndani, maana mfupa unaweza kuwa mweusi kwa nje huku kiini chake bado ni kahawia. Andika joto, muda na rangi kila unapochoma, hata siku ambayo kila kitu kimeharibika. Hasa siku hiyo.

Sasa nenda kwa fundi sanifu wa maabara. Mwamkie kwanza, kama ni mkubwa kwako mpe shikamoo yake, ndipo umwone msimamizi. Msimamizi anajua nadharia ya kifaa, fundi anajua kinagoma siku gani. Yeye ndiye atakayekufundisha kupima floraidi kwa elektrodi, na usimwache mpaka uwe umeielewa. Elektrodi haikupi miligramu, inakupa milivolti. Unaandaa myeyusho wa miligramu 1 na wa miligramu 10 kwa lita, na kati ya hizo mbili usomaji unapaswa kutofautiana kwa milivolti 59 hivi kwenye nyuzi 25. Ukipata 40, acha kupima, elektrodi inaumwa au myeyusho wako ni mbovu. Tia bafa kwenye kila sampuli, kwa sababu aluminiamu na chuma hushikana na floraidi na kuificha, na elektrodi itakuambia maji ni salama wakati si salama. Weka sampuli kwenye chupa za plastiki, si za kioo, kwani floraidi huvamia kioo. Na kemikali hizi ziagize wiki ya kwanza ya masomo. Zikichelewa bandarini, ada inaendelea kudaiwa.

Kwenye kuchora grafu ndiko kwenye hatari kubwa ya kujidanganya, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Kuna mchoro unaopendwa sana: muda uliogawanywa kwa kiasi kilichonaswa, dhidi ya muda wenyewe. Mstari unanyooka, namba ya ulinganifu inafika 0.999, na watu wanapongezana. Angalia vizuri. Muda upo pande zote mbili za mchoro. Mkaa ukishashiba, kiasi kilichonaswa hakibadiliki tena, na unachochora ni muda dhidi ya muda. Utanyooka tu, hata kwa mkaa mbovu. Chora data kama zilivyotoka, muda huku na kiasi kule, na umwonyeshe msimamizi mkunjo wake pamoja na vidoti vilivyokaa vibaya.

Vivyo hivyo kwa fomula ya Langmuir ya kukadiria unasaji. Irving Langmuir alifanya kazi katika maabara za General Electric, alianzia kwenye taa za umeme, na mwaka 1932 akapata Nobel. Fomula yake inachukulia kwamba uso una nafasi zinazofanana, kila moja ikishika chembe moja. Mfupa wa ng'ombe uliochomwa kwenye tanuri la mtaani hauko hivyo, floraidi inaingia hadi ndani ya fuwele. Fomula inaweza kupita kwenye vidoti vyako vizuri na bado isiseme lolote kuhusu kinachotokea. Itumie kukadiria uwezo wa mkaa, usiitumie kutangaza siri za mfupa.

Tena usipime kwa maji yaliyokenekwa na chumvi ya floraidi peke yake. Humo mkaa wowote unaonekana shujaa. Chukua dumu, nenda kisimani, uchote maji yenyewe, yenye magadi yake na tabia yake ya alkali, ambayo hupunguza unasaji. Yapitishe kwenye bomba lililojazwa mkaa, pima kila baada ya lita kadhaa, mpaka floraidi itokezee upande wa pili. Maji ni mavivu. Chembe zikiwa kubwa kwa bomba jembamba, yatapita ukutani bila kugusa mkaa.

Halafu piga hesabu ambayo ndiyo moyo wa uhandisi wetu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Ndoo ya lita 20 yenye miligramu 10 kwa lita, ukiishusha hadi 1.5, umenasa miligramu 170. Ndoo moja kila siku kwa mwaka mzima ni gramu 62. Ikiwa gramu moja ya mkaa wako inanasa miligramu 2, nyumba hiyo inahitaji kilo 31 za mkaa kwa mwaka. Sasa unajua bucha moja inatosha nyumba ngapi, na kama mradi wako ni wa kijiji au wa kaya tano. Na hizo gramu 62 hazijapotea. Ukizitoa kwa magadi makali ya kiwandani ili mkaa utumike tena, zimo kwenye maji machafu unayotaka kumwaga. Sema utayapeleka wapi. Tasnifu isiyojibu swali hilo imehamisha sumu kutoka kwa mtoto mmoja hadi kwa mwingine.

Kabla ya kutetea tasnifu, kaa na watumiaji wa maji hayo. Waislamu watauliza mifupa ni ya mnyama gani na alichinjwaje, wana haki ya kujibiwa kwa uhakika, na usahihi huo unaanzia kwa yule mwenye bucha. Wengine hawatataka mfupa kabisa. Hao wapimie njia ya shabu na chokaa, iliyotoka Nalgonda huko India na kujaribiwa pia hapa Ngurdoto, nayo ina kero yake ya matope.

Mwisho, kabla tasnifu haijaenda kujalidiwa, andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili: mkaa unadumu ndoo ngapi, ndoo moja inagharimu kiasi gani, mtu atajuaje kwamba umekwisha. Upeleke kwenye kamati ya maji pamoja na elektrodi, na upime maji yao mbele yao, kabla na baada. Wakikuuliza jambo ambalo wasahihishaji wako hawakuliuliza, rudi ukaliongeze kwenye sura ya tano.