Injini Zilipozima, Hewa Ikatoboa Siri

Mwaka 2020 Korona ilitufungia ndani, na huko nje hewa ya mijini ikaanza kutaja waliokuwa wakiichafua. Tuhesabu kwa kurudi nyuma, kutoka 6 hadi 1. Mwenye haraka asirukie mwisho, maana namba 2 itampita.

6. Wuhan yaonekana kutoka juu
Mji ulifungwa tarehe 23 Januari. Wiki chache baadaye, setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-5P ilionyesha kuwa gesi ya naitrojeni dioksidi imepungua mno juu ya miji ya China. Gesi hiyo hutoka zaidi kwenye injini na mitambo inayochoma mafuta na makaa ya mawe, na haidumu hewani: ikikosa wa kuitoa, inatoweka ndani ya saa kadhaa. Shahidi wa aina hiyo hahongeki.

5. Jalandhar yapata milima
India ilijifungia tarehe 25 Machi. Siku si nyingi, wakazi wa Jalandhar, Punjab, wakapanda juu ya mapaa kushangaa vilele vya milima ya Dhauladhar vyenye theluji, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao. Wazee walisema ni miaka kama 30 tangu waione vile. Vijana wengine hawakuwa wameiona kabisa kutoka mjini kwao. Milima haikwenda popote, jamani! Moshi ndio ulioondoka.

4. Nairobi yabishana
Kafyu ilianza tarehe 27 Machi. Picha ya majengo ya katikati ya jiji na Mlima Kenya nyuma yake ikazagaa, na mabishano yakawaka: imetengenezwa, haijatengenezwa! Mlima kweli huonekana kutoka Nairobi hewa ikiwa safi, hasa mvua ikishaosha vumbi, na masika nayo yalikuwa yanaingia. Mvua ipewe sifa yake. Lakini barabara zenye magari machache nazo zina haki ya kudai fungu.

3. Beijing yanuna
Barabara tupu, na bado ukungu mzito wa moshi ulitanda mapema mwaka huo. Upepo uligoma, unyevu ukazidi, na viwanda vizito havikuzimwa vyote. Gari si mkosaji pekee.

2. Ozoni yapanda
Hapa wengi huduwaa. Moshi wa magari una naitrojeni monoksidi, ambayo huila ozoni iliyo karibu na ardhi. Magari yalipopungua, mlaji akapungua, na ozoni ikapanda Wuhan, Roma na Turin. Ozoni ya juu angani hutukinga na miale mikali ya jua. Hii ya chini huwasha mapafu. Kwa hiyo anayetaka kusafisha jiji apambane na gesi zote kwa pamoja, asichague moja akaita ushindi.

1. Kampala yatoa jibu
Naiweka ya kwanza kwa sababu inatuhusu. Usafiri wa umma ulisimamishwa tarehe 25 Machi, magari binafsi tarehe 30, na bodaboda zikaachiwa mizigo tu. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere ulikuwa tayari na vipimo vyake mjini, vingine vimefungwa kwenye bodaboda zenyewe. Chembe laini za moshi na vumbi, zile zinazopenya hadi ndani ya mapafu, zilipungua.

Zilipungua, hazikuisha. Majiko ya mkaa yaliendelea kuwaka, taka zikachomwa nyuma ya nyumba, na barabara za udongo zikabaki za udongo. Ndipo thamani ya jaribio lile inapoonekana: mitaa ni ileile, majiko ni yaleyale, kilichotolewa zaidi ni injini.

Ila bei yake ilikuwa kubwa mno. Mchuuzi alilala njaa. Mjamzito alitafutiwa kibali kwanza ndipo apande gari kwenda hospitali. Hewa safi haipaswi kununuliwa kwa uchungu wa mama, na wala hailazimu: mabasi mazima, dizeli safi, lami, na gesi ya kupikia inayomudika vinaweza kufanya kazi ileile watu wakiwa huru kutembea.

Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa chembe laini kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Mgombea akija kuomba kura mtaani kwenu, muulize hewa yenu ina ngapi, na atazipunguzaje.