Sifa za Mpangaji Asiyelipa Kodi

Mjini Nairobi yupo mpangaji mmoja ambaye landilodi hajawahi kumtilia kufuli mlangoni, nami leo namvulia kofia. Ni popo wa matunda, yule anayening'inia chini ya paa la ghorofa yetu Kileleshwa tangu mapera ya jirani yaanze kuiva.

Kwanza ana cheo. Dume ana vishungi vya manyoya meupe mabegani, utadhani afande aliyepandishwa juzi. Usiku huvitunisha na kuita ting, ting, ting, mlio wa kengele ndogo isiyochoka, ili majike wasikie wachague. Sisi wengine husikia pia, na kura hatuna.

Tena si mchoyo. Tunda halili pale mtini. Hulichukua hadi ukutani kwetu, akalitafuna, akafyonza maji, makapi akatuachia. Ukuta tuliopaka rangi nyeupe sasa una ramani ya nchi isiyojulikana. Keateka wa ghorofa ametundika sidi zinazometameta ili kuwatisha. Popo wamezizoea, nadhani hata wanajitazama.

Lakini ustaarabu wake hasa uko katika kuhama. Matunda yakiisha huondoka bila notisi, bila pikapu iliyosheheni magodoro, bila kugombania depositi. Binamu yake mkubwa mwenye rangi ya nyasi kavu ndiye msafiri kamili: kila mwaka, Oktoba hadi Desemba, mamilioni yao hujazana katika kijisitu cha Kasanka, Zambia, na mmoja aliyefungwa kifaa cha kumfuatilia alikwenda zaidi ya kilomita 2,000. Hakuna aliyemdai pasipoti, wala ile kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Tena ni mpanda miti. Mwezi Novemba 2020, mti mkongwe wa mugumo wa Waiyaki Way, Westlands, ulinusurika ujenzi wa Nairobi Expressway kwa amri ya rais. Sasa, migumo huoteshwa na nani? Mbegu ndogo za mugumo hupita matumboni mwa ndege na popo, zikadondoka kwenye panda ya mti mwingine au kwenye ufa wa ukuta. Sisi tukipanda mche mmoja twataka kamera, hema na hotuba tatu. Popo hupanda kwa kuhara.

Juu ya dirisha langu, penye ufa, pameota kimche chenye majani manne. Keateka alikuja na panga. Nimemwambia huo ni mugumo, arudi na barua ya Ikulu.