Thibitisha Kwamba Utarudi Mkonze

Sharti lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa adabu: mwombaji aambatishe ushahidi kwamba likizo ikiisha atarudi nchini kwake. Nililisoma mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili nikamwita mama Neema. Akaja na mwiko wa ugali mkononi, akalisoma polepole, kisha akaniangalia juu mpaka chini kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Wanaogopa utabaki kule?" akauliza. "Ukafanye nini?"

Mambo yalianza kwa simu ya mpwa wangu. Anafanya kazi Ulaya, katika nchi ambayo sitaitaja kwa sababu bado nina matumaini nayo. "Mjomba," akaniambia, "mwaka huu njoo Krismasi uone theluji." Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Kwa miaka 22 nimechora milima ya Alps ubaoni kwa chaki, nimewaeleza watoto jinsi theluji inavyoanguka na jinsi inavyoyeyuka na kuwa mito, na theluji pekee niliyowahi kuigusa ni ile inayoganda kwenye friza la duka la soda. Nikamjibu nakuja. Kanuni za Schengen zinamruhusu mtu kuomba viza kuanzia miezi sita kabla ya safari, na zinamtaka asikawie mpaka zikabaki siku chini ya 15. Mimi nilianza mwanzoni mwa Novemba, nikajiona nimewahi kweli kweli.

Pasipoti nilikuwa nayo. Niliichukua 2019, hii ya kielektroniki iliyoanza kutolewa 2018, kwa sababu mwalimu mwenzangu alinishawishi kwamba mtu anayeishi Mkonze, hapa Dodoma makao makuu ya nchi, ni aibu kukaa bila pasipoti. Nikaifungia kwenye sanduku chini ya kitanda, nikaisahau. Sasa masharti yanataka pasipoti ibaki na uhai wa miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka kule, tena iwe na angalau kurasa mbili tupu. Yangu ilikuwa na kurasa zote tupu, isipokuwa zile alizokwisha kuzisoma mchwa. Mchwa wa Mkonze hawana ubaguzi. Walimaliza fremu ya mlango wa choo, wakala picha ya harusi yetu upande wangu, ndipo wakahamia kwenye hati ya Jamhuri. Ofisa wa Uhamiaji aliipokea kwa vidole viwili, akaitikisa, udongo ukamwagika mezani. Nikalipa tena 150,000.

Halafu ikaja picha. Upana milimita 35, urefu 45, nyuma peupe, mdomo umefungwa, uso usiwe na tabasamu. Kijana wetu wa studio ana pazia moja tu la nyuma, lenye mnazi, bahari na ndege inayopaa, na ana koti moja la suti ambalo kila mwanamume wa Mkonze ameshalivaa kwa ajili ya picha. Nilipomweleza kwamba bahari haitakiwi alisikitika. Akafikiri, akaingia ndani, akatoka na shuka jeupe, akawaita watoto wawili waliokuwa wakipita wakalishika pembeni, mmoja kila upande. Walikuwa wanafunzi wangu. Mmoja akaanza kucheka, shuka likatikisika, mimi nikakunja uso wa darasani, na hapo hapo kamera ikalia.

"Ticha, hapa umekaa kama mtu aliyekamatwa."

"Ndivyo wanavyotaka."

"Acha nikusaidie basi."

Nilidhani atanisaidia kukata ukubwa. Siku ya pili nikakuta amenisaidia kwa programu ya simu. Alinipunguzia miaka kama 15, akafuta kovu la paji la uso nililolipata utotoni kwa kuanguka mbuyuni, akanitia weupe na midomo yenye unyevu. Nilifanana na mtoto wa kaka yangu, tena yule asiye na akili. Ilibidi nimlipe kwanza, halafu nimlipe tena anirudishie uzee wangu.

Habari za benki nitazipitia haraka kwa sababu zinaniumiza. Wanataka steitimenti ya miezi ya karibuni, waone mtu ana uwezo wa kujikimu. Yangu inaonyesha mshahara ukiingia tarehe fulani na kutoka tarehe hiyo hiyo, kama abiria aliyepanda basi lisilo lake. Shemeji akakubali kuniwekea milioni sita kwa wiki mbili. Wiki hizo mbili alinipigia kila asubuhi. Hakuniamkia, alisema tu, "Zipo?" Nilipochapisha steitimenti, ile milioni sita ilisimama katikati ya elfu hamsini-hamsini zangu kama ng'ombe wa kuazima kwenye mahari: hata mtoto angeuliza huyu ametoka wapi. Nikazirudisha. Nikaamua kwenda na umaskini wangu ulionyooka, na barua ya mpwa kwamba atanilaza na kunilisha.

Bima ya safari ndiyo iliyotuchekesha. Lazima ifikie euro 30,000, yaani zaidi ya milioni 80 za kwetu, thamani ambayo sijawahi kuwa nayo nikiwa mzima. Mama Neema alikuwa akinisomea masharti kwa sauti: matibabu ya dharura, hospitali, kusafirishwa mgonjwa, na kurudisha mwili endapo mwenye bima atafariki. Akanyamaza. Akaweka karatasi chini.

"Sasa kama wamelipisha mpaka kurudisha maiti, wanauliza nini tena kama utarudi?"

Lakini ushahidi ulitakiwa, na mimi ni mtumishi wa umma, nikitakiwa maelezo natoa maelezo. Nikakaa chini ya mwarobaini na daftari. Ni nini hasa kinachonirudisha Mkonze? Nikaandika: kazi ya ualimu. Nikaandika: mke mmoja, watoto watatu. Nikaandika: ekari moja na nusu ya zabibu, na msingi wa nyumba ambao umefikia kimo cha kiti na unaendelea kusubiri. Nikaandika: mbuzi 11. Nikafikiria niandike na deni la dukani, kwa sababu kusema kweli mwenye duka yule ana hamu ya kuniona nikirudi kuliko hata watoto wangu, lakini nikaona litaharibu picha ya benki. Kwa mbuzi nikampeleka yule kijana wa studio akawapige picha wawe kiambatisho.

Mwenyekiti wa mtaa alikubali kunigongea muhuri, ila alisumbuka na tarehe. "Unaondoka Desemba?" akauliza. "Mvua ndiyo inaanza, watu wanapanda uwele na karanga, wewe unaondoka?" Akagonga muhuri kwa shingo upande. "Mwalimu, kwa ukweli wa Mungu, hata mimi nisingekuamini."

Nikawaza njiani: mgeni anayekuja kutembea kwetu analipa dola 50 za viza, Mmarekani 100, anaingia anaenda kumwona simba. Hakuna anayemuuliza kama kwao ameacha mbuzi.

Safari ya kupeleka maombi ndiyo iliyonimaliza. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, sheria ikaja kulitia jambo hilo muhuri 2018, lakini balozi nyingi zingali Dar es Salaam zikipigwa na upepo wa bahari. Mwombaji wa mara ya kwanza lazima afike mwenyewe atoe alama za vidole. Nikapanda treni ya SGR, nikalala kwa binamu, nikaamka saa kumi usiku niwahi foleni, kama tunavyowahi hospitali. Nilikuwa wa kwanza. Nilikuwa wa kwanza na wa peke yangu mpaka saa mbili kasoro, mlinzi alipotoka akaniomba karatasi ya miadi.

"Miadi gani?"

"Inachukuliwa kwenye mtandao, mzee. Huji hivi hivi."

Nikaingia mtandaoni nikiwa nimesimama pale pale ukutani, yeye akinishikia bahasha. Nafasi ya karibu kabisa ilikuwa wiki ya pili ya Januari. Zile euro 90 za maombi, maana ada ilipandishwa kutoka 80 mwezi Juni 2024 na ukinyimwa hairudi, zikabaki mfukoni. Mpwa wangu alinitumia picha ya theluji kwa simu. Nikaona imekaa kama nilivyoichora.

Nilipofika nyumbani mama Neema hakunisema. Alikuwa ameshafungasha. Mdogo wake ameolewa Masaka, Uganda, na mabasi ya Kampala yanapita Dodoma. Watanzania hatuhitaji viza huko. Wakati mimi naandika ekari na mbuzi, yeye alimuuliza jirani yetu dereva wa malori kinachotakiwa, akajibiwa kwa maneno machache: pasipoti na kadi ya njano. Nikakumbuka kwamba wiki tatu nyuma alinikokota nikachomwe sindano ya homa ya manjano, nikidhani ni ya Ulaya. Inatakiwa siku kumi kabla ya safari, na tangu 2016 cheti chake ni cha maisha. Kadi zote mbili zilikuwa kwenye mkoba wake.

Tulipita Singida, Nzega, Kahama, tukalala tumekaa mpaka Bukoba. Mpakani Mutukula, ofisa wa Uganda akaniuliza kwa Kiswahili chake, taratibu, "Mzee, mnarudi lini?"

Sijui nini kilinipata. Nilikuwa nimelisubiri swali hilo mwezi mzima. Nikafungua bahasha, nikamwekea dirishani barua ya mwenyekiti, barua ya mkuu wa shule, ramani ya shamba niliyoichora mwenyewe kwa kipimio, na picha ya mbuzi. Aliziacha barua zote, akachukua picha ya mbuzi, akaisogeza kwenye mwanga. Nami ndipo nikaiangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Yule kijana alikuwa amewasaidia na wao.

"Mzee," akasema ofisa, "mbuzi hawa mnawalisha nini mpaka wanang'aa hivi?"

"Mpe pasipoti, baba Neema," sauti ikatoka nyuma yangu. "Watu wanasubiri."