Mashine Yangu Inalipia Barabara

Wajerumani, tangu Januari 1, 2005, malori yao makubwa yanalipia barabara kuu kwa kilomita. Ndani ya lori kuna kijidude kinachosoma setilaiti. Kinajua umepita wapi, una ekseli ngapi, moshi wako mchafu kiasi gani. Bili inajiandika yenyewe. Dereva mmoja wa fuso alinisimulia hayo hapa Kibondo akisubiri tairi lizibwe, akamalizia kwamba sisi tumechelewa.

Hatujachelewa, mwanangu. Kijidude chetu ni tenki. Kila lita ya dizeli imebeba tozo ya barabara, unailipa palepale sheli kabla hujawasha gari.

Tena tenki lina akili. Enzi za vumbi, kwenda Kasulu wakati wa masika ulipanda vilima kwa gia namba moja, matope hadi kwenye rimu, dizeli inateketea na tozo inateketea nayo. Barabara ilivyozidi kuwa mbovu ndivyo ulivyozidi kuichangia. Lami ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260 hivi, ndiyo imekuja kuharibu hesabu.

Shida yangu ni kwamba sina lori. Nina mashine ya kusaga udaga, imefungwa kwa nati kwenye sakafu ya saruji. Inakunywa dizeli ileile, kwa tozo ileile. Kasulu haijawahi kufika.

"Lakini mzee, unga wako si unasafiri?" dereva akanijibu.

Unasafiri, ndiyo. Kichwani mwa akina mama, ambako sijaona ekseli.

Nami nina nafuu kuliko wengine. Bajeti ya 2017/18 ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, pengo likazibwa kwa kuongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mafuta ya taa! Shangazi yangu wa Kasulu, ambaye hata baiskeli hana, akawa analipia leseni ya gari kwa kibatari.

Wanaohesabiwa kilomita ni wageni: lori la nje lenye ekseli zaidi ya tatu, dola kadhaa kwa kila kilomita 100. Wao wananung'unika mpakani. Mimi naona wivu. Nami nataka nipimwe kwa kilomita. Aje ofisa na setilaiti yake, aifunge juu ya mashine, asome. Nitamtafutia kiti, na bahasha ya kuniwekea chenji.