Nakisi ya Kahawa

Sidhani kama kuna mahali ulimwenguni ambapo fedha ya watu wengine huhesabiwa kwa uangalifu mkubwa kuliko katika mji wetu wa Tanga, hususan katika barabara za Ngamiani baina ya sala ya magharibi na isha, wakati watu ambao asubuhi yake walibishana na muuza mchicha juu ya shilingi 200 hukaa kitako wakazungumza habari za paundi milioni 105 kana kwamba wamezihesabu kwa mikono yao na ufunguo wa sanduku wanao mfukoni. Kiasi hicho hatukukibuni sisi. Ndiyo hasara ambayo Ligi Kuu ya Uingereza iliiruhusu klabu kuipata katika muda wa miaka mitatu, na klabu iliyouvuka mpaka huo ilihesabiwa kuwa imefanya israfu, ilishitakiwa, na iliweza kupokwa pointi ilizozitolea jasho uwanjani. Kanuni hiyo iliwekwa ili klabu zisijiangamize kwa kufukuzia fahari. Kwetu sisi, tuliotenganishwa nayo na bahari na majangwa, imeleta uhasama ambao mabao peke yake hayakuweza kuuleta.

Baraza letu kwa asili ni baraza la umoja. Sote ni Coastal Union, ubingwa wa mwaka 1988 tunauzungumza kama uliopatikana juzi, na baraza la ng'ambo ya barabara, ambalo ni la African Sports, tunaliamkia kwa adabu na kulisengenya kwa pamoja. Lakini Uingereza ikitajwa, umoja huo huvunjika papo hapo. Maalim, anayesomesha watoto chuoni, ni ashiki wa Arsenal, na subira aliyonayo hakuipata vitabuni tu. Mzee mstaafu wa bandari ni Manchester United. Bwana mwenye duka la vifaa vya ujenzi ni Chelsea. Kijana wa bodaboda ni Manchester City, naye huapa kuwa aliipenda kabla haijanunuliwa na matajiri mwaka 2008, ingawa kwa umri wake yapasa iwe aliipenda angali ananyonya. Fundi cherehani ni Everton, jambo lililotushangaza mpaka alipotusimulia kisa chake: Julai 2017 alikwenda Dar es Salaam kwa shughuli zake, akaingia Uwanja wa Taifa siku Everton ilipocheza na Gor Mahia ya Kenya, akamwona Wayne Rooney akifumua shuti la mbali likatinga wavuni, naye moyo wake akauacha hapo. Everton ilishinda 2–1 siku ile, na tangu siku ile fundi hajaonja raha. Mimi timu yangu siitaji, kwa kuwa nilichaguliwa kushika daftari la baraza, na mshika daftari hana budi aonekane hana upande.

Ugomvi ulianza mwaka 2023, Arsenal ilipomchukua Declan Rice kutoka West Ham kwa paundi milioni 100 na nyingine 5 za masharti. Mzee mstaafu aliitua finjani yake, akapangusa masharubu, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda kesi:

"Maalim, kanuni ni mia na tano kwa miaka mitatu. Ninyi mmeziteketeza kwa mtu mmoja, siku moja. Miaka iliyobaki mtakula nini?"

Maalim hakughadhibika. Alieleza, kwa utulivu ule ule anaowafundishia watoto alifu na bee, ya kuwa bei si hasara. Kwamba fundi wetu aliponunua cherehani hakusema mwaka ule ameunguliwa na cherehani nzima, bali bei yake huigawa katika miaka ambayo cherehani itashona. Na kadhalika Rice, aliyetia saini mkataba wa miaka mitano, huandikwa daftarini milioni 21 kila mwaka, na mapato ya viingilio, televisheni na jezi huja kuzipunguza hata hizo. Hoja ilikuwa safi, na pengine ingetosha, lau fundi hakudakia kuwa cherehani yake aliichukua kwa mkopo na kwamba ilivunjika mkono juma la kwanza. "Hayo nayo yamo," Maalim akasema. "Huko huitwa majeruhi."

Kilichomwuma mzee mstaafu kilikuwa kingine. Mwaka ule ule United ilimnunua Mason Mount kutoka Chelsea, na bwana wa duka alikuwa hachoki kutukumbusha ya kuwa mchezaji aliyelelewa na klabu tangu utotoni, kama Mount, hana bei ya kununuliwa iliyobaki vitabuni, na kwa hiyo akiuzwa, fedha yote huandikwa faida tupu. Hapa, licha ya ukadhi wangu, nilishindwa kujizuia, nikasema kuwa ni kanuni ya ajabu hii, inayotaka watu wawe na kiasi, kisha inamfanya mtoto wa nyumbani kuwa wa kwanza kutafutiwa mnunuzi. Bwana wa duka akanijibu kuwa mimi ni mshika daftari, si mshika maoni.

Tarehe 17 Novemba 2023 Everton ilipokwa pointi 10 kwa kuwa hasara yake ilipita mpaka kwa paundi milioni 19.5. Ninasikitika kusema kuwa jioni ile baraza lilifurahi. Watu ambao hawakupata kukubaliana juu ya mwezi mwandamo walikubaliana kuwa sheria ni msumeno, na aliyecheka kuliko wote alikuwa kijana wa bodaboda, aliyempigia fundi makofi ya pole kwa namna ambayo haikuwa pole. Fundi alingoja makofi yaishe, akauliza taratibu: "Na zile zenu mia na kumi na tano, mwanangu?" Maana tangu Februari 2023 City imeshitakiwa kwa makosa yanayozidi mia, ya miaka mingi, nayo imeyakana yote. Kijana akasema tuhuma si hukumu. Akaondoka kwenda kutafuta abiria, saa ambayo abiria hawapatikani.

Mambo yangeishia katika maneno kama si mzee wa dele. Mzee huyu, ambaye dele lake la shaba na mlio wa finjani zake ndivyo vinavyotuambia kuwa jua limekuchwa, alikuwa amesikiliza hayo yote kwa muda mrefu, na jioni moja alitua makaa yake akauliza kama kanuni hiyo nzuri ya Waingereza yaweza kutumika kwa wateja wake, maadamu kikombe ni shilingi 100 na kashata ni shilingi 100 na madeni yamekuwa hayasemeki. Hakuna aliyeweza kukataa. Watu waliokwisha kuisifu sheria kwa miezi kadhaa ilipokuwa juu ya fundi wangeikimbiaje? Tukapitisha kwamba hakuna mtu atakayeruhusiwa kuwa na nakisi ya zaidi ya shilingi 10,500 katika majuma matatu, na atakayezidi atanyamazishwa: atakaa, atakunywa, lakini hatasema neno juu ya mpira.

Wa kwanza kunaswa alikuwa fundi, kana kwamba baa ina anwani yake. Alihukumiwa jioni 10 za kimya. Akakata rufani, na hoja yake nimeiandika daftarini kama alivyoitoa: kwamba sehemu ya deni lake ni kashata alizowanunulia watoto wa chuo, nazo hizo ni gharama za kulea vijana, ambazo hata Uingereza huondolewa katika hesabu pamoja na gharama za soka la wanawake na za kujenga viwanja. Maalim, kwa kuwa waliokula kashata ni wanafunzi wake, ilimbidi ajiondoe katika shauri. Mwezi Februari 2024 rufani ya Everton huko kwao ikaipunguzia adhabu kutoka pointi 10 hadi 6, nasi, tusije tukawapita Waingereza kwa ukali, tukampunguzia fundi hadi jioni 6, na nyingi kati ya hizo alikuwa amekwisha kuzitumikia kwa manung'uniko ya puani. Aprili Everton ikakatwa nyingine 2. Fundi hakungoja aambiwe, alinyamaza mwenyewe.

Lakini fundi alikuwa mkosaji mnyofu. Bwana wa duka alikuwa msomi. Alikumbuka kuwa Chelsea ilimpa Enzo Fernández mkataba wa miaka minane na nusu mnamo Januari 2023, ili bei yake kubwa igawanyike vipande vyembamba, akaomba na deni lake la kahawa ligawanywe kwa muda huo huo. Mzee wa dele, aliyekwisha kuvuka miaka sabini, alimtazama kwa huruma akamwuliza: "Bwana, na mimi wa kuzipokea nitakuwa wapi?" Ombi likaanguka, na kwa kuwa ligi yenyewe ilikuwa imekwisha kuweka ukomo wa miaka mitano Desemba 2023, sisi tuliufunga mlango huo kwa ukomo wa siku tano.

Ndipo zikaja habari ya kuwa Chelsea imeuza hoteli zake mbili zilizo kando ya uwanja kwa paundi milioni 76.5, na kwamba aliyezinunua ni kampuni nyingine ya wenye Chelsea wale wale. Bwana wa duka alizipokea habari hizo kama mtu aliyeteremshiwa faraja. Jioni iliyofuata alitangaza kuwa benchi letu, ambalo mbao zake zilitoka dukani kwake, ni mali yake, na kwamba amemwuzia mdogo wake kwa shilingi 15,000, hivyo hana nakisi tena bali ana ziada.

"Fedha iko wapi?" nikamwuliza.

"Imo katika ukoo."

Nilitafuta kanuni ya kumzuia nisiione. Tulikuwa tumeandika mengi juu ya kahawa na hatukuandika neno juu ya mabenchi, kama wenzetu walivyokuwa hawakuandika juu ya hoteli. Basi nikaiandika hati ya mauzo kwa mkono wangu, nikaitia tarehe, wakaweka saini, na deni likafutika. Bila shaka wengine nao waliamka. Katika muda usio mrefu fundi alimwuzia bwana wa duka kofia kuukuu kwa shilingi 5,000, na bwana wa duka akamwuzia fundi redio isiyosema kwa shilingi 5,000. Hakuna senti iliyotoka mfukoni, na wote wawili wakaandikwa wamepata faida. Daftari langu lilikuwa halijapata kupendeza namna ile. Mzee wa dele ndiye pekee aliyezidi kuwa maskini.

Mama watoto aliliona daftari hilo juu ya kabati, akalisoma lote. Aliniuliza, bila kupandisha sauti, kama ni kweli mtu akimwuzia ndugu yake kitu ambacho hakitoki mahali pake deni lake huisha. Maana, alisema, angependa kumwuzia dada yake kabati hili hili, ili deni letu la duka la Mangi lipungue kabla ya mwezi kuandama. Nikamwambia jambo hilo ni zito kidogo kulieleza. Akasema yeye amelielewa mara moja.

Kasoro ilikuwa moja: hakuna aliyemweleza mdogo wa bwana wa duka kuwa mauzo yale yalikuwa ya vitabuni. Naye, kwa msiba ambao huzipata hata nyumba njema, ni African Sports. Alikuja jioni moja na mkokoteni na vijana wawili, akatoa ile hati, akaisoma kwa sauti pamoja na jina langu lililo chini yake, akatuomba radhi kwa heshima zote tusimame, na benchi likapakiwa. Tulimfuata kwa macho mpaka ng'ambo ya barabara, ambako lilipokewa kwa vigelegele vya wanaume watu wazima. Bwana wa duka alipaza sauti kuwa fedha haijalipwa. Mdogo wake akajibu kuwa imo katika ukoo.

Siku ya pili yake mzee wa dele naye alivuka. Hakutukasirikia, alisema tu kwamba kule watu wana pa kukaa na hulipa taslimu. Hivi sasa, mwenye hamu ya kahawa hana budi avuke barabara, alipe kwanza, na anywe akiwa amesimama mbele ya wajumbe wa African Sports, walioketi juu ya mbao zetu na kutuuliza kwa upole hali ya Coastal Union.

Limebaki shauri moja tu daftarini mwangu, nalo ni la kijana wa bodaboda. Mzee wa dele alimshitaki kwa vikombe vinavyozidi mia, akidai kuwa kijana aliviandikisha kwa jina la mfadhili, mjomba wake aliye Maskati, ambaye hakuna mtu hapa aliyepata kumwona. Kijana alikana yote, akajiwekea wakili, karani mstaafu wa mahakama, mtu mwenye miwani miwili na maneno mengi, ambaye kila nilipotaja siku ya kusikilizwa alikuwa na udhuru: mara mvua, mara nyaraka, mara mfungo. Juzi nilimkabili nikamwambia sasa hakuna udhuru uliobaki, shauri lisikilizwe. Akavua miwani moja, akatazama pale lilipokuwapo benchi, akaeleza kwa masikitiko kuwa sheria haijui baraza lisilo na kikao, na kwamba hawezi kumtetea mteja wake mbele ya mahakama iliyosimama. Akaomba liahirishwe. Sote tulikuwa tumesimama, ikabidi tukubali.