Kompyuta Isiyomwamini Mwenyewe

Mimi sina siri. Nina deni la kikoba, nina picha za harusi ya shemeji ambazo hata shemeji mwenyewe hazitaki, na nina rundo la makala zilizokataliwa na wahariri. Mwizi wa mtandaoni akiingia kwenye laptopu yangu atatoka na majonzi tu. Sasa jaribu kumweleza hayo kijana aliyesomea usalama wa mitandao.

"Shikamoo mjomba. Hivi bado unatumia Windows?"

Nikamwambia marahaba, ndiyo, na inafanya kazi. Akatikisa kichwa. Mpwa wangu akitikisa kichwa namna ile, ujue wikiendi yako imekwisha.

Akanitajia Qubes OS, mfumo wa kuendesha kompyuta ulioanzishwa na mwanamama wa Poland, Joanna Rutkowska, toleo lake la kwanza kamili likatoka mwaka 2012. Edward Snowden kausifu hadharani. Sawa, lakini Snowden alibeba siri za serikali ya Marekani. Mimi nina makala kuhusu bei ya vitunguu.

Wazo lenyewe, nikiri, lina akili. Wanasema programu isiyo na tundu haipo, kwa hiyo usijichoshe kuziba matundu yote. Igawe kompyuta vipande, kila kipande kiwe kama kompyuta inayojitegemea, mdudu akiingia kimoja afie humo humo. Ni nyumba ya kupanga ya Manzese: kila mpangaji na kufuli lake, na cha jirani hakimhusu. Mwenye nyumba anaitwa dom0. Funguo zote anazo yeye, lakini intaneti haruhusiwi kuigusa. Hata akitaka kusasishwa, inabidi amtume mpangaji akamletee.

Basi nikapakua. Faili lina zaidi ya GB 6, na bando langu mnalijua. Nikadhani sasa tunaweka kwenye flashi tunaanza. Thubutu! Kwanza uhakiki kwamba ulichopakua ndicho walichokitoa wao. Kuna sahihi ya kidijitali, na sahihi ina ufunguo, na ufunguo una alama ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 40. Nikaikuta alama hiyo kwenye tovuti yao, nikafurahi. Wenyewe wanakwambia usiiamini tovuti yao! Huenda imevamiwa. Kailinganishe na sehemu nyingine, kwenye video za mihadhara, kwenye picha, hata kwenye fulana ambayo mtu kaivaa. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikakaa sebuleni nakuza picha ya kifua cha mwanaume nisiyemjua, natafuta 427F iko wapi. Mama watoto akapita nyuma yangu, akatazama kioo, akaendelea na safari yake bila kuuliza. Sikupenda alivyokaa kimya.

Flashi nayo ina masharti yake. Ukiiandaa kwenye Windows kwa programu iitwayo Rufus, lazima uchague hali inayoitwa DD. Ukimaliza, Windows haiitambui tena flashi yako na inakuomba kwa upole uifomati. Mpwa akanionya kwa simu: "Mjomba, usikubali!"

Tukafika kwenye kuwasha. Laptopu yangu ni mtumba kutoka Ujerumani, nimeinunua Kariakoo, chuma kizito cha kupigia mwizi. Programu ya kuweka mfumo ikaamka, ikakagua, ikatangaza kwamba mashine hii haina IOMMU. Nikampigia fundi aliyeniuzia, akaapa kwamba kila kitu kimo. Na kweli kimo! Kimefichwa. Unazima, unawasha, unabonyeza kitufe kabla haijafikiri, unaingia BIOS, unatafuta menyu ya usalama, chini yake kuna kijimstari kimeandikwa VT-d, na kimezimwa. Hicho VT-d ndicho kinachozuia kadi ya Wi-Fi kuchungulia kumbukumbu ya kompyuta nzima. Kwa kompyuta za Intel kinaitwa hivyo, kwa za AMD kinaitwa AMD-Vi, na kwenye menyu nyingine wanakiita IOMMU tu. Kitu kimoja, majina matatu, na kwangu kimezimwa. Nani aliyekaa kiwandani akaamua kwamba mteja akishalipia ulinzi, basi uzimwe? Na hapo hapo kwenye BIOS unatakiwa uzime kitu kingine kinachoitwa Secure Boot, maana yake uwashaji salama, kwa sababu mfumo huu wa usalama hauelewani nacho. Nikazima usalama ili niweke usalama.

Baada ya hapo kioo kikawa cheusi. Hakielezi kosa, hakilii, ni giza tu. Dawa yake iko kwenye menyu ya mwanzo, chaguo la kutumia kernel, yaani kiini cha mfumo, mpya zaidi. Tatizo hili nalisema haraka kwa sababu liliisha haraka, ingawa kabla ya hapo nilishauriwa na vijana wa mtaani nibadilishe kioo.

Nywila ya diski ndiyo iliyonitoa jasho. Kibodi ya Kijerumani imebadilishana Z na Y, mfumo unadhani kibodi ni ya Kimarekani, na unachoandika hukioni. Nikaamua nitumie nywila isiyo na Z wala Y. Kwa Kiswahili huo ni mtihani wa taifa. Jaribu wewe.

Mfumo umewekwa. Intaneti hakuna. Chumba kinachoitwa sys-net kiligoma kuanza kwa sababu kadi ya Wi-Fi haikubali kuanzishwa upya kwa utaratibu wao. Unaingia kwenye mipangilio, unaitafuta kadi yako, unaweka tiki ya kuilegezea masharti. Baada ya fulana, sahihi na tarakimu 40, jawabu likawa kulegeza masharti.

Sasa natumia. Madirisha yana rangi: ya kazi bluu, ya mambo binafsi manjano, yasiyoaminika mekundu, na kuna stoo nyeusi isiyo na mtandao kabisa. Kunakili sentensi kutoka chumba kimoja kwenda kingine kunahitaji Ctrl+C, halafu Ctrl+Shift+C, unahamia dirisha la pili, Ctrl+Shift+V, ndipo Ctrl+V. Vidole vyangu vimeanza kulalamika. Wanapendekeza RAM ya GB 16, kima cha chini 6. Yangu ina 8, kwa hiyo nikifungua chumba cha tatu, feni inaunguruma na majirani wanajua mzee anaandika.

Jana mama watoto kaja na fomu ya shule ya mjukuu, ameipokea kwenye simu, anataka ichapishwe. Nikachomeka simu. Ikatua kwenye chumba cha vifaa vya USB. Nikaanza kulihamishia faili chumba cha kazi, kikatokea kisanduku kuuliza iende wapi. Nikachomeka printa, nayo ikatua kule kule kwa vifaa vya USB, wakati fomu imeshahama. Nikasema subiri kidogo. Akachukua simu yake, akavaa kandambili, akaenda steshenari ya pale kona.

Alirudi na fomu mkononi, mimi bado nafungua mipangilio. Akasimama mlangoni.

"Na chai nikuletee chumba gani, cha bluu au cha manjano?"