Akiru Hana Simu

Kwa Waturkana, mtoto akizaliwa mvua ikinyesha, msichana huitwa Akiru au Nakiru, mvulana Ekiru au Lokiru. Mara nyingi herufi ya kwanza tu inatosha kukujulisha kama ni wa kike au wa kiume. Mimi herufi hiyo iliniumbua.

Niko Lodwar, riziki yangu ni hifadhidata. Nilipewa orodha ya watu 400 wa Kakuma, niwatumie ujumbe wa kuwaita mkutanoni. Nikaandika lupu kwa PL/SQL, lugha ya hifadhidata za Oracle: shika jina, tuma, shika linalofuata. Asiye na namba, andika kuwa hana simu, kisha mruke. Kuruka huko kunaandikwa CONTINUE, neno ambalo Oracle waliliingiza kwenye toleo la 11g mwaka 2007. Wazee wa kazi kabla ya hapo walihangaika na GOTO. Mimi, kwa joto la saa nane mchana, feni ikinipulizia vumbi, niliandika EXIT.

Nenda bombani uone tofauti. Mtungi wa mtu ukikosekana kwenye foleni, unajazwa wa nyuma yake. Hiyo ni CONTINUE. EXIT ni kufunga bomba, kila mtu arudi kwao.

Siku ya mkutano nilisafiri hadi Kakuma, kilomita 120 hivi, shati limepigwa pasi. Viti 400, wanawake sita: kina Akai na Akale. Orodha ilifuata alfabeti, na wa saba, Akiru, hakuwa na simu. Kina Ekai, kina Lokiru, hata kina Deng wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyopo tangu 1992 (jina ambalo kwa Kidinka nalo ni la mvua), hawakusikia lolote. Mwenyekiti akavitazama viti, akanitazama mimi.

"Fundi, wanaume wote wamehama?"

Usiku nikaweka CONTINUE. Ila lupu yangu ilikuwa ya WHILE, na mstari wa kuongeza kaunta nikauacha chini kabisa, ambako CONTINUE haifiki. Programu ikawaalika wale sita upya, ikafika kwa Akiru, ikamruka, ikarudi juu, ikamkuta Akiru. Ikamruka tena. Kulipopambazuka diski ilikuwa imejaa sentensi moja: Akiru hana simu.

Kaunta nikaipandisha juu. Mkutano wa pili viti havikutosha. Mama mmoja alikuwa amefika hata kabla ya mwenye ufunguo, nikamwuliza jina.

"Akiru."

Simu bado hakuwa nayo. Habari aliipata bombani.